Koo la Bati la Gari la Mwalimu

Mwaka ule nilikuwa nachoka kuanzia asubuhi. Watu wengine huchoka jioni, baada ya kazi. Mimi niliamka nimechoka, nikapiga mswaki nimechoka, nikatembea hadi kibanda chetu nyuma ya soko la Machakos huku miguu ikiniuliza tunaenda wapi tena. Kutwa nzima nilipiga bati: gata za kukingia maji ya mvua, matangi, mabomba ya moshi, vyombo vya kulishia kuku. Jioni nilinawa masizi hadi viwikoni, nikachukua daftari, nikaenda kujikunja kwenye dawati la mtoto wa darasa la tatu, magoti yangu yakiwa jirani na masikio, ili nisome fizikia.

Darasa letu la jioni lilikuwa la watu wazima ambao shule iliwapita walipokuwa vijana. Kulikuwa na makondakta, wauza mboga, mabawabu, hata mchungaji wa kanisa dogo la mlimani. Mbele yetu ulikuwepo mtihani wa kidato cha nne, mwezi wa Novemba, na kila mmoja alikuwa na sababu yake. Mimi nilitaka kuingia chuo cha ufundi, na chuo kilisema bila fizikia nisijisumbue kubisha hodi. Kushoto kwangu alikaa mama mmoja fundi wa cherehani, aliyetaka kusomea uuguzi kabla mvi hazijamaliza kichwa chote. Kulia kwangu alikaa mchongaji wa vinyago, mtu wa upande wa Wamunyu. Mtoto wake wa kwanza alikuwa kidato cha tatu, na baba alikuwa ameapa mbele ya mkewe kwamba mtoto yule hatafanya mtihani kabla yake.

Walimu wa masomo mengine walipatikana mjini. Wa fizikia alikuwa mmoja tu, na alitoka upande wa Konza, alikofundisha shule ya mchana. Akimaliza kule aliingia kwenye gari lake, akaja kutufundisha, kisha akarudi jioni hiyohiyo, kwa sababu nyumbani alikuwa na mama yake mzazi ambaye hakuweza kugeuka kitandani bila kugeuzwa. Kulala mjini hakungewezekana, na jua likishazama hakukuwa na gari la abiria la kumfikisha kwake. Gari lake likifa, fizikia imekufa. Hilo tulilijua vizuri kuliko kanuni yoyote aliyotuandikia ubaoni.

Sasa, lile gari. Lilikuwa gari la mbio, jekundu, milango miwili, taa za mbele zikichomoza kama macho ya chura. Alilinunua kwa mzungu mmoja wa ranchi aliyekuwa akihama, kwa sababu ndilo lililokuwa likiuzwa siku aliyokuwa na haja. Lilikuwa fupi kiasi kwamba kuku wakipita mbele yake walilitazama kwa dharau. Lilikwaruza tumbo kwenye kila tuta, nasi darasani tulijua mwalimu amefika tuta gani. Mwenyewe alikuwa mrefu kama mlingoti wa bendera. Akishuka, ungedhani mtu anatolewa kwenye gunia, mguu kwanza, kisha tunangoja, kisha mguu wa pili.

Gari la namna hiyo limetengenezwa kwa ajili ya lami. Mdomo wake wa kuvutia hewa ulikuwa chini mbele, karibu na gurudumu. Na njia ya kwake wakati ule ilikuwa ya murram, yenye vumbi ambalo naweza kuapa ungelila kwa kijiko. Sanduku la plastiki la kichujio cha hewa lilikuwa limepasuka siku nyingi, likafungwa kwa waya na tambara, na injini ikawa inakula udongo kila jioni kama mama mjamzito. Mwishowe ikaanza kutoa moshi wa buluu, tukadhani kuna mtu anachoma makaa nyuma ya shule. Kisha nguvu zikaisha. Fundi wa magari alipoifungua alikuta ringi za pistoni zimelika kama kipande cha sabuni. Akatafuta injini nyingine iliyotumika, akaifunga, akafuta mikono yake, akasema tukiwa tumesimama pale:

"Mwalimu, hii ndiyo ya mwisho ya aina hii nimeona Kenya hii. Ikikula mchanga tena, hiyo bodi wachia mtu afugie kuku."

"Na sanduku ya hewa, nitapata wapi?"

"Hiyo haiko. Hata kule ilitoka sijui kama iko."

Mwalimu akaliegesha kando ya kibanda chetu, chini ya mjakaranda, akasema halitoki hapo mpaka lipate pumzi safi. Fizikia ikasimama. Tulikuwa ndiyo kwanza tumeingia kwenye somo la umeme. Jioni, saa yake ikifika, tulikaa tukitazama ubao mtupu, wengine wakilala, wengine wakiulizana maswali ambayo hakuna aliyejua majibu yake. Mama wa cherehani alihesabu kwa vidole miezi iliyobaki hadi Novemba, akaficha mkono chini ya dawati.

Wazo nililipata kwa dereva wa lori. Wafanyabiashara Wasomali wa mjini walikuwa na malori ya kubeba mifugo kutoka upande wa Garissa, yakipitia Kithimani, na siku hiyo lori moja lililetwa kwetu nizibe ubavu uliopigwa pembe na fahali. Nyuma ya kichwa cha lori kulikuwa na bomba limesimama hadi juu ya paa. Dereva alikuwa mzee mwenye ndevu za hina, amekaa kwenye kivuli akinywa chai.

"Mzee," nikamuuliza, "hii ni ya moshi?"

"Moshi iko chini. Hii ni pua."

"Pua juu hivyo?"

"Wewe ukipita katikati ya ng'ombe wakikimbia, pua utaweka wapi? Magotini?"

Nikaacha kuziba ubavu, nikapanda kulipima lile bomba kwa kamba. Mzee akaniuliza kama nimelipwa kuziba ama kukumbatia.

Siku za Jumamosi mwalimu alikuja mjini juu ya lori la mawe ya Lukenya, kununua dawa za mama yake. Alifika mweupe kwa vumbi la machimbo, utasema ameokwa. Nikamweleza habari ya pua. Hakucheka. Alichana mfuko wa simiti, akalaza karatasi yake juu ya boneti, akachora. Mdomo utakuwa juu, chini kidogo ya kioo cha mbele, ambako vumbi la magurudumu halifiki. Kutoka hapo bomba lishuke kati ya betri na ubavu wa gari, lilale bapa chini ya boneti kwa sababu boneti ile ilikuwa imelala kama paa la banda, kisha lipinde, lifunguke kuwa sanduku la kuweka kichujio. Mwisho liwe na shingo ya kuvaa kwenye koo la injini.

"Sikilizeni," akatuambia, mimi, mchongaji na mama wa cherehani, ambao tayari tulikuwa tumejipa kazi hiyo bila mtu kututuma. "Nafasi ya ndani isipungue popote. Bomba likiwa bapa, lazima lipanuke. Mkibana hata kidogo, injini itakuwa kama mtu anakunywa uji mzito kwa mrija."

"Na likipanuka sana?" mama akauliza.

"Hewa italala njiani."

"Kama sisi," mama akasema.

Mimi bati nalijua. Bomba lililonyooka naweza kukutengenezea nikiwa nimefumba macho, na siku nyingine za mwaka ule nadhani nilifanya hivyo. Lakini bomba linaloanza mviringo, likawa bapa, likapinda, likavimba, halafu likarudi mviringo, hilo halikunjwi mkononi. Lilitaka umbo la kupigia juu yake. Mchongaji akachukua ile karatasi ya simiti, akaikunja, akaiweka mfukoni mwa shati.

"Nitakuchongea," akasema.

Alichonga kwa muda ambao angetengeneza twiga wa kujaza duka zima. Alifanya hivyo baada ya kazi zake za wateja, kwenye mwanga uliobaki, na alipokuja darasani macho yake yalikuwa mekundu kama ya mtu aliyefiwa. Siku aliyolileta lile umbo alikuwa amelifunga kwa sweta yake. Akalifungua polepole. Lilikuwa la muhugu, mti ule wenye harufu tamu wanaouchonga kwao, na lilikuwa laini hata ungependa kulishika kama mkono wa mtu. Lote lilitoka kwenye gogo moja. Mimi nikapendekeza tulipige msasa kidogo pale kwenye kona, nilikodhani kumeungwa, akanitazama kana kwamba nimemtukania mama.

"Hakuna kiungo hapo," akasema. "Tafuta. Vitu vya gundi ni vya kuuzia mtalii wa siku moja."

Kulipigia bati umbo lile ndiko kulikonimaliza. Mwenye kibanda, bosi wangu, alikubali nitumie saa ya chakula na mapambazuko, basi. Kwa hiyo nilipiga kabla ya kazi, nikapiga wakati wenzangu wanakula githeri, kisha kutwa nikapiga gata zake kama kawaida. Nyundo ya mti ilinizoea hata nikilala mkono wangu ulikuwa unagonga godoro. Mke wangu akahamia kwa watoto. Bati nililikata vipande viwili, kimoja cha kukumbatia upande wa juu wa umbo na kingine wa chini. Nililipiga kidogo kidogo, likijikunja hapa nalinyoosha, likipasuka natupa naanza upya. Vipande nilivyotupa vingeezeka choo, na mlango ukapatikana.

Vipande vilipokubali kukaa, tulikutana Jumamosi kuvifunga. Kwetu mafundi wa bati kuna desturi ambayo sijaiona ikiandikwa popote: mshono unafungwa bati likiwa limekumbatia kitu. Ukiufunga hewani unatangatanga. Bosi wangu alinifundisha hivyo, naye alifundishwa na mwingine, na matangi yetu yote ya Machakos yalifungwa hivyo. Basi tukarudisha vipande juu ya umbo. Mwalimu akashika upande mmoja, mchongaji mwingine, mama akapuliza makaa. Nikakunja kingo, nikazikunja tena juu ya zenyewe, nikazigonga zikalala kama ukanda. Nikapitisha chuma cha moto na lehemu kutoka mwanzo hadi mwisho, pande zote mbili. Moshi ukatuingia machoni. Nilipomaliza hata mimi nilirudi nyuma kidogo nitazame. Sijawahi kufunga mshono kama ule, na matangi yangu yanajulikana hadi Kithimani.

"Haya," mwalimu akasema, "toa mti tujaribu."

Nikagonga umbo kwa nyundo ya mti upande wa shingo. Halikusogea. Nikagonga upande wa mdomo. Nikagonga tena shingoni, kwa nguvu zaidi. Mchongaji akainama akatazama ndani, ambako hakukuwa na ndani, ni mti tu umejaa mpaka ukingoni. Upande wa mdomo umepanuka, sanduku limevimba, katikati kuna pindo. Kote ambako ungetaka litokee kulikuwa kwembamba kuliko lilikotoka.

Mwalimu alikaa juu ya tairi.

"Tumetengeneza mti," akasema mwishowe, "tukauvalisha koti."

"Mimi nikishona mto," mama wa cherehani akasema, "huwa naacha mahali pa kugeuzia."

"Sasa mwaitu, si ungesema?" nikamjibu kwa lile neno letu la heshima, mama yangu, ingawa nilikuwa karibu kulia.

"Nilikuwa napuliza makaa. Nilijua nyinyi wanaume wanne wa maana mnajua kitu mnafanya."

"Tuko watatu."

"Nimehesabu na ule wa mti."

Msomaji ataniuliza kwa nini sikukata. Mshono ule wa kukunja mara mbili unakula bati. Ukiukata, kila upande unapoteza upana wa kidole, na bomba linabana palepale mwalimu alipokataza lisibane. Kupiga vipande vipya kungetufikisha Desemba, na mtihani ulikuwa Novemba. Kuuchoma mti ndani kungeyeyusha lehemu yote ikadondoka kama machozi. Tukaenda nyumbani. Jumatatu nilisikia wanafunzi wawili nyuma yangu wakinong'onezana kwamba huenda wangeacha, wajiandikishe mwaka unaofuata. Mmoja hakurudi tena.

Mimi ndiye niliyefikiria mchwa. Niliona mantiki yake vizuri kabisa: kiumbe anayekula mti na kuacha bati. Nilipokuwa mdogo mchwa walikula kiti cha babu yangu akiwa amekikalia, au karibu hivyo. Mchongaji alikuwa ameenda kwao kuvuna, kwa hiyo hakuwepo kuulizwa. Nikamshauri mwalimu, naye akafikiri kwa muda mrefu, akasema litakuwa jaribio halali. Nadhani uchovu ulikuwa umemfikia naye. Akalibeba bomba juu ya lori la mawe hadi kwake, ambako vichuguu ni virefu kuliko nyumba, akatoboa kimoja, akalizika humo, akamwagia maji kidogo kuwaita wenyeji.

Mchongaji aliporudi aliuliza bomba liko wapi.

"Liko kwa mchwa," nikamwambia.

"Kwa mchwa kufanya nini?"

"Wanakutolea mti."

Akakaa chini palepale, kwenye vumbi la kibanda, akashika kichwa. Nilidhani analia. Kumbe anacheka, lakini cheko la mtu asiye na nguvu, linatoka bila sauti.

"Unajua kwa nini sisi huchonga muhugu?" akaniuliza alipopata pumzi. "Kwa sababu mchwa hawagusi. Huo mti ukizika kaburini utakuta maiti imeisha na mti uko."

Jumamosi mwalimu akalirudisha. Mchwa walikuwa wamelijengea. Walilipaka udongo mwekundu ndani na nje, wakatengeneza vijia vyao vizuri juu ya mshono wangu, na mti hawakuugusa hata kuonja. Tulilikwangua udongo. Mama wa cherehani alisema angalau wao wamemaliza nyumba yao.

Ikabaki njia moja, nayo ndiyo tuliyoikwepa tangu mwanzo: kuutoa mti kwa patasi, kipande kwa kipande, kupitia kwenye mdomo na shingo, mpaka tukutane katikati. Mchongaji alitengeneza patasi ndefu zilizopinda kutokana na springi ya gari. Akaanza yeye upande wa mdomo, mimi shingoni. Muhugu ni mgumu, jamani. Ukiupiga unakurudishia. Kila jioni kabla ya darasa tulichimba, na Jumapili baada ya kanisa, na vumbi lake tamu likaingia hadi kwenye chai. Mama alipokuja kutupokea, mikono yake ya cherehani ikatoka malengelenge jioni yake ya kwanza, akayatoboa kwa sindano akaendelea. Darasa la hesabu nililihudhuria nikiwa nimefumbua macho, lakini mimi mwenyewe sikuwepo. Mwalimu wa Kiswahili aliniamsha akaniomba nitunge sentensi. Nikamwambia "shika hapo nigonge", akaandika kwamba ni sahihi.

Mchongaji angeweza kukasirika. Ile ilikuwa kazi yake bora kuliko twiga wote, na alikuwa akiivunja kwa mikono yake mwenyewe, tena kwa uangalifu uleule aliotumia kuichonga, asilitoboe bati. Jioni moja nilimwambia pole. Akapuliza vumbi kutoka kwenye patasi.

"Si kitu," akasema. "Hii yote nimekuwa nachonga mti. Sasa nachonga shimo. Ni kazi ileile, ni vile tu huwezi kuuza."

Tulipokutana katikati, patasi yake ikagonga yangu ndani ya lile pindo, na mwanga mdogo ukapita kutoka upande hadi upande. Tulipaswa kushangilia. Tulilala chini chali kila mmoja upande wake, bomba katikati yetu, mpaka bosi akaja kuuliza kama kuna ajali.

Lakini mwalimu alikuwa bado na hofu. Kibanzi kimoja kikibaki ndani, alisema, kitaenda kwenye injini moja kwa moja, na kibanzi cha muhugu ni kibaya kuliko mchanga wa Konza wote. Basi tukavuta matambara yenye mafuta ya taa kwa waya, mbele na nyuma, mbele na nyuma, kisha tukamwagia maji, tukaanika, tukavuta tena. Nilitoboa bati mahali pawili katika kazi ile na nikapaziba kwa lehemu. Kichujio alikishona mama: sponji ya godoro kati ya vitambaa viwili vya chandarua, umbo la mfuko, mshono mara mbili, na safari hii aliacha mahali pa kugeuzia. Kikachovywa kwenye mafuta ya injini na kukamuliwa, ili vumbi likigusa linate. Juu ya sanduku nilikata tundu dogo la kuingizia kichujio kikiwa kimekunjwa, na kifuniko chake nilikiwekea mkanda wa tyubu ya lori, aliyonipa yule mzee wa ndevu za hina. Aliniuliza kama ile pua imeota. Nikamwambia imeota na imetuua.

Tulifunga bomba Jumamosi. Lilikaa. Nasema lilikaa kwa sababu hata mimi sikutarajia. Boneti ikashuka juu yake ikafunga bila kugusa, na ungeweza kupitisha karatasi moja ya daftari kati yao. Mwalimu akawasha. Sauti yenyewe ilikuwa imebadilika. Zamani gari lile lilikuwa likipiga mluzi, sasa lilivuta pumzi kwa kishindo kama ng'ombe anayenusa chumvi. Mwalimu akakanyaga kidogo, akasikiliza, akakanyaga tena. Hakutabasamu.

"Hapa limesimama," akasema. "Tungoje barabara."

Mama akampa kipande cha kitambaa cheupe cha marekani kutoka kwenye masalio ya kazi yake. Mpango ulikuwa hivi: aende kwake, kisha Jumatatu atakapokuja, afungue shingo, apanguse ndani ya bomba, upande wa pili wa kichujio, ule unaoelekea kwenye injini. Kitambaa kikitoka chekundu, basi udongo unapita. Hatarudi na gari kwake ila kwa kuvutwa, na hatakuja tena, na sisi tutaenda kwenye mtihani na nusu ya fizikia. Hilo hakuna aliyelisema. Tulimsaidia kujikunja aingie, tukasimama kulitazama likienda, na vumbi lilipoinuka nyuma yake niliona mama ameshika mdomo wake kwa mkono kana kwamba yeye ndiye bomba.

Jumatatu ilikuwa siku mbaya kazini. Mvua zilikuwa zinakaribia na watu wote wa Machakos walikumbuka gata zao kwa pamoja, kama kila mwaka. Nilipiga bati mpaka nikawa sisikii nikipiga. Jioni niliingia darasani nikamkuta mchongaji amekaa, kidevu juu ya ngumi. Mama akaja na uzi mweupe bado umemnata kwenye nywele. Tuliketi tukisikiliza upande wa matuta. Nakumbuka nikimwambia mchongaji kwamba nitaweka kichwa chini kidogo, nikilisikia tuta la kwanza nitainuka.

Yanayofuata niliambiwa. Mwalimu alifika mapema kuliko siku zote za mwaka ule. Alisimamisha gari mbele ya dirisha la darasa, akaliacha taa zikiwaka, akafungua boneti. Darasa zima likatoka, yule mchungaji akashika tochi. Mwalimu akalegeza shingo ya bomba, akafunga marekani kwenye kidole, akaingiza mkono mpaka karibu na kiwiko, akauzungusha. Wanasema alikaa hivyo muda mrefu, mkono ndani, kama daktari wa ng'ombe. Kisha akautoa.

Walipiga makofi, wanasema. Makondakta walipiga miluzi. Bawabu aliyekuwa akiingia zamu ng'ambo ya barabara alikuja kuuliza kuna nini. Sisi watatu tulikuwa tumelala kwenye mstari wetu, vichwa juu ya madaftari, na mtu alipotaka kutuamsha mwalimu alikataa. Akaingia, akafuta ubao, akaendelea na umeme pale alipouacha.

Mimi niliamka kwa sababu ya kimya. Darasa lilikuwa limebaki tupu. Ubao ulikuwa umejaa saketi na mishale, na mwalimu alikuwa akipangusa chaki mikononi. Juu ya daftari langu kulikuwa na kile kitambaa. Nikakigeuza, nikakigeuza tena, nikakisogeza karibu na taa. Kilikuwa na alama ya mafuta kwenye ukingo, upana wa ukucha, na sehemu nyingine yote ilikuwa nyeupe. Kushoto kwangu mama wa cherehani alikuwa ameamka naye, anakitazama. Mchongaji alikuwa bado anakoroma, mwenye heri.

"Mwalimu," nikasema, sauti yangu ikitoka kama ya mtu mwingine, "somo lote limetupita."

"Limewapita."

"Sasa?"

Alitazama saa. Mama yake alikuwa akimngoja kule, na njia ilikuwa ndefu. Akachukua funguo zake mezani, akazishika mkononi.

"Nitarudia kesho," akasema. "Kesho nakuja. Na keshokutwa."

Alipofika mlangoni alisimama kidogo, kisha akarudi, akavuta dawati la mtoto wa darasa la tatu mbele yetu, akakaa, magoti yake yakipita masikio yake mbali sana kuliko yangu.

"Hii moja tu," akasema, "ya saketi sambamba. Halafu niende. Mwamshe huyo."

Nikamtikisa mchongaji. Nikashika kalamu, lakini vidole vilikataa kuikaza. Vilikuwa vimezoea unene wa patasi. Mama akanichukulia kalamu, akaizungushia kile kitambaa ili iwe nene, akanirudishia. Nikaandika.